Picha za treni Fort Ternan: ukungu na weusi

Ndugu, nimekuelewa: ulisafiri toka Nakuru hadi Fort Ternan, treni ikapita, ukabaki na picha zenye ukungu na kichwa cha treni cheusi tii.

Ukungu ni shata, yaani kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, kuwa polepole. Weka 1/1000 ya sekunde, au 1/500 mwanga ukififia. Chagua taruma moja (kipande kinacholala chini ya reli), funga fokasi hapo mapema, ubonyeze kichwa kikilifikia. Weusi ni kupiga ukikabili jua. Reli hii iliyofika Kisumu mwaka 1901 hupindapinda sana, lakini kwa jumla asubuhi treni iendayo Nakuru huangazwa usoni, na jioni ile ya kwenda Kisumu. Mimi hupenda ndani ya kona, mabehewa yote yanaonekana.

Tafadhali usipande kwenye daraja la reli hata kidogo, hakuna pa kukimbilia. Kaa mbali na reli, na uombe ruhusa kwa mkuu wa stesheni. Atakuambia pia saa za treni. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya anga.

Ukitamani treni ya mvuke, injini ya Mount Gelai namba 5918 iko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Hiyo imesimama, utaipiga kwa utulivu.