Kabla ya Kununua Fulana, Tengeni Nauli

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia. Kanisa lao linataka kuandaa siku ya afya ya watoto, anauliza aanzie wapi. Nimefurahi kuulizwa, maana huduma hii nimeiratibu miaka kadhaa hapa Masasi, na najua inakokwama.

Barua kwanza. Muone Mganga Mkuu wa Wilaya, omba kibali na muuguzi. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A yatoke zahanati, na kila mtoto aandikiwe kwenye kadi yake ya kliniki, asije akapewa mara mbili. Kisha mwenyekiti wa kijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wanazijua kaya zote. Msimu wa korosho usipange kitu, watu wamehamia mashambani.

Mahali pia. Msifanyie kanisani. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mama anaweza kuwa na mgonjwa mgongoni akasita kuingia uwanja wa kanisa. Sisi tulikwenda chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, Jumamosi asubuhi, tukamwomba imamu atangaze msikitini. Akatangaza, tena kwa moyo. Akina mama wakajaa mpaka barabarani, na mahubiri tukayaacha yasubiri Jumapili.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Siku ile bibi mmoja alileta mjukuu wa mwaka na nusu hivi. Alikuwa amenenepa mashavu, bibi anasema mtoto ana afya, anakula ugali wa muhogo vizuri. Muuguzi akamkandamiza miguu yote miwili kwa kidole gumba; alipoachia, mashimo yakabaki. Ule haukuwa unono, ulikuwa uvimbe wa utapiamlo mkali. Utepe wa rangi wa kupimia unene wa mkono wa juu wa mtoto, peke yake ungeweza kutudanganya: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani hatari, lakini mtoto aliyevimba miguu yote miwili yuko hatarini hata utepe ukisoma kijani. Muhogo unashibisha, ila protini yake ni kidogo mno. Bila mbaazi, kunde, karanga au dagaa mtoto hajengeki.

Akaandikiwa rufaa ya kwenda Ndanda, hospitali iliyokua kutoka kwenye misheni ya Wabenediktini ya mwaka 1906. Bibi akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaketi palepale. Hakuwa na nauli.

Wiki mbili kabla nilikuwa nimeomba kwenye kikao fungu la nauli. Likakataliwa, zikanunuliwa fulana zenye jina la kanisa. Siku ile tukachangishana wenyewe, mtoto akafika, akalazwa, akapona. Na bado kikao kilichofuata mzee mmoja akanisimamisha kuniuliza: wangapi wameongezeka kanisani? Sijalisahau swali lile. Mwenye huruma angeuliza kwanza mtoto anaendeleaje.

Wapendwa, Yesu alipomwinua binti Yairo alisema apewe chakula. Hakumwandikisha ushirika! Kanisa linalopima watoto kisha likawaachia karatasi mkononi halijahudumia mtu. Tengeni nauli. Tengeni nauli ya kwenda na ya kurudi, na chakula cha anayemuuguza, kwa sababu wodini mtoto atakaa siku nyingi na bibi naye ana njaa. Fulana zitakuja baadaye, au zisije kabisa.

Halafu rudini. Mtoto akitoka hospitali arudi kwenye ugali uleule, mtamkuta tena mwembeni. Wiki ile aliporudi tuliketi jikoni kwa bibi, tukatwanga karanga pamoja na kuzikorogea kwenye uji, mpaka akaona mwenyewe kwamba hauhitaji kitu cha dukani.

Kwa hiyo dada, kabla hujatangaza tarehe, iulize zahanati yenu mtoto wa rufaa atapelekwa wapi, gari linaondoka saa ngapi, na ni nani kati yenu atapanda naye.