Bunduki ya upepo ya mtumba kwa panya wa bandani: ninunue au niache?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nafuga kuku wa mayai huku Ngaramtoni na panya wamenizidi kabisa, wanatoboa magunia ya chakula, wanabeba mayai, juzi wametafuna vifaranga miguu. Sumu naiogopa kwasababu ya kuku na mbwa wangu. Sasa kuna mzee jirani anahama, anauza bunduki yake ya upepo, ile unavunja mtutu ndo unaikoki, akatuachia mimi na kijana wangu tuijaribu kwenye ukuta wa udongo nyuma kwake. Niseme nilichokiona: ni nzito kuliko nilivyodhani, mdomo wa mtutu una kutu kidogo, kitako kina ufa umepigwa gundi, ukifyatua inaruka alafu ndani kuna kitu kinalia tiiing, na zile za mwanzo zilitoa moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua. Imegongwa 5,5 na herufi F ndani ya alama ya pembe tano. Mzee anasema ina nguvu inaangusha hata nguruwe pori, na eti ya upepo haina haja ya karatasi. Anataka laki tatu na nusu. Nichukue? – Mama wa kuku, Ngaramtoni

JIBU: Mama yangu pole sana, vifaranga kutafunwa miguu inauma, najua ni hela na ni huruma pia. Hela usitoe kwanza. Umeikagua vizuri kweli, yaani umeona vitu ambavyo wengi wanaviona baada ya kulipa, kwahiyo tuvipitie ila tuanze na hilo la karatasi.

Silaha hapa nchini zinasimamiwa na polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bunduki haihami mkono kwa mkono kama baiskeli. Mzee akisema ya upepo haina haja ya karatasi, hayo ni maneno ya muuzaji. Andika jina la kampuni, namba iliyogongwa kwenye chuma, nenda kituo cha polisi kabla hujalipa hata shilingi, uliza kama inahitaji kibali na jinsi ya kuihamisha kuja kwako. Muulize na mzee yeye aliipataje. Akianza kuzunguka zunguka we achana nayo, hata angeshusha mpaka laki moja. Na kijana asirudi kujaribu tena mpaka mmepata jibu la polisi.

Haya, sasa bunduki yenyewe. Hiyo 5,5 ni kipenyo cha mtutu kwa milimita, Waingereza wanaiita .22, na ndugu yake mdogo ni 4,5 yaani .177. Kwa panya 5,5 ni saizi nzuri, peleti yake (zile risasi ndogo zenye kiuno katikati) ina kama gramu moja, inapiga kwa uzito, wakati ya 4,5 ni kama nusu gramu, inaenda haraka na imenyooka zaidi. Ila hiyo F ndani ya pembe tano ndo inakupa habari yote. Ni alama ya Ujerumani, maana yake bunduki ilitoka kiwandani ikiwa haizidi jouli 7.5 (jouli ni kipimo cha nguvu inayotoka nayo peleti). Linganisha na Uingereza ambako bunduki ya upepo isiyohitaji leseni ya silaha inaruhusiwa mpaka futi-pauni 12, ambayo ni kama jouli 16. Kwahiyo hiyo ya mzee kama haijachezewa ni chini ya nusu ya hapo, habari za nguruwe pori hazipo kabisa. Panya kwa karibu inatosha, mi ningesema mita kumi hadi kumi na tano ndo mwisho, kichwani tu, zaidi ya hapo unamjeruhi anaenda kuoza chini ya sakafu.

Ule moshi. Kwenye bunduki ya springi kama hiyo ya mzee, pistoni ikirushwa mbele inabana hewa ghafla, hewa inapata moto mkali, kama kuna mafuta mbele ya pistoni yanaungua kama kwenye injini ya dizeli. Bunduki iliyokaa muda mrefu ikitoa moshi mara chache za mwanzo alafu ikaacha, hiyo ni kawaida. Ikiendelea kila ukifyatua ujue mtu ameimiminia mafuta (wengi wanatia ya cherehani au hata oili ya gari wakidhani wanaisaidia) na hiyo inaunguza sili ya pistoni, yaani ile inayozuia hewa isivuje. Ile tiiing ni springi, aidha imekauka grisi, aidha imelegea au imepinda. Sio mwisho wa dunia, springi na sili ni vitu vya kubadilisha, ila ni hela, na ukipata spea kabisa, kwahiyo ipunguze kwenye bei. Kufungua mwenyewe usithubutu, springi ile imebanwa hata kabla hujaikoki, ikitoka inavunja meno.

Kuruka nako kuna maana yake. Hizi za springi zinarudi nyuma alafu zinasukumwa mbele, zote kabla peleti haijatoka mdomoni, ndo maana ukiibana sana mkononi inapiga kila mahali. Kijana aiache ikae juu ya kiganja cha kushoto, bega aiguse tu kidogo, ataona tofauti hapo hapo.

Polisi wakikubali na ukarudi kuiangalia, cha kwanza ni kiungo, pale mtutu unapovunjikia. Ikiwa imefungwa ushike mtutu uutikise kushoto kulia, ukicheza cheza hiyo haitapiga sehemu moja hata siku moja. Alafu weka kipande cha tishu juu ya hicho kiungo, weka peleti, piga kwenye mchanga. Tishu ikiruka, hewa inavuja kwenye washa ya pale nyuma ya mtutu, na hiyo washa ni rahisi kubadilisha kuliko yote. Angalia na mtutu kwa juu, uangalie kama umenyooka, maana kuna watu wanafyatua mtutu ukiwa bado wazi, unarudi kwa kishindo unapinda. Ndo maana pia wakati wa kuweka peleti mkono wa pili lazima ushikilie mtutu kwa nguvu, triga ikiachia vidole viko pale vinakatika, hili nakuomba umwambie kijana mara mbili. Kutu ya nje sio shida, ingiza kitambaa cheupe ndani ya mtutu ukivute, kikitoka na unga mwekundu hapo ndo pa kuogopa. Ufa wa kitako ulioshikwa na gundi vizuri mi usingenisumbua. Mwisho piga peleti tano kwenye karatasi hatua kumi na tano, bunduki ikiwa imelala juu ya kitu laini. Matundu yakikusanyika upana wa sarafu ya mia mbili, bunduki ni nzima. Yakitawanyika kama kiganja, mwachie mzee ahame nayo.

Kuna kitu kimoja wafugaji wengi hawakijui na nataka ukishike: peleti nyingi ni za madini ya risasi, na kuku anaokota vitu vidogo vigumu kwa ajili ya firigisi. Akimeza peleti firigisi inaisaga, sumu inaingia kwenye damu na inafika mpaka kwenye yai. Kwahiyo ndani ya banda lenye kuku hakuna kupiga, kwanza sakafu ya zege na mabati vinairudisha peleti kwenye jicho la mtu. Kama ni lazima, iwe stoo ya chakula au nje ya banda, panya anakuja kwenye chambo na nyuma yake kuna boksi la mbao lililojaa mchanga, peleti zote zinaishia humo. Hakikisha nyuma ya hapo hakuna njia wala nyumba, peleti iliyokosa ikirushwa juu inaweza kwenda mita mia tatu na zaidi, na Ngaramtoni watu wamejaa. Piga jioni kiza kikianza kuingia ndo wanatoka, tochi ya mwanga mwekundu haiwashtui sana. Kunawa mikono baada ya kushika peleti, na panya aliyekufa usimshike mikono mitupu, homa ya mgunda ile iliyotikisa Ruangwa mwaka 2022 bakteria wake wanakaa kwenye mkojo wa panya.

Lakini mama, nikuambie ukweli kabisa, hiyo laki tatu na nusu kwa hali yako mi nisingeiweka kwenye bunduki. Panya jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa hata wanane au zaidi, wewe unaua mmoja mmoja jioni. Bunduki inafaa kumalizia wale wachache wajanja waliobaki. Kwanza chakula chote kiingie kwenye mapipa ya chuma yenye mfuniko, magunia chini hapana, mabaki yatolewe kabla ya giza. Ule wavu wa kawaida wa kuku haumzuii panya, anapita au anautafuna, nunua waya mgumu wa matundu ya nusu inchi, na kama kuna wale panya wadogo wa nyumbani chukua wa robo inchi, uzungushe chini na uufukie ardhini kidogo kwa kuukunja kuelekea nje. Sumu nayo sio lazima uiogope hivyo ikiwekwa ndani ya boksi lenye tundu la panya tu, lililofungwa chini, kuku na mbwa hawafiki. Bahati yako mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, wako hapo hapo kwenu Ngaramtoni, wale tuliozoea kuwaita TPRI. Nenda waulize ipi imesajiliwa, hizi za kwenye vijikaratasi stendi achana nazo.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Kibosho, kihamba chetu ngedere wanamaliza ndizi na kunguru wanakula mahindi. Rafiki kanambia nitafute ile ya kujaza hewa, PCP, ina nguvu. Unasemaje? – Kijana wa Kibosho

JIBU: Marahaba kijana. Kwa ngedere hapana, na sio swala la nguvu. Huyo ni mnyamapori, analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumpiga bila kibali ni kesi. Na peleti mara nyingi haitamuua hapo hapo, itamwachia kidonda, atakufa siku kadhaa baadae juu ya mti na mtoto wake mgongoni. Peleka taarifa kupitia serikali ya kijiji ifike kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, na kwenye mkungu ulio karibu kukomaa uvalishe gunia mapema, ukatwe kabla haujaiva. Mbwa anayebweka anasaidia kuliko bunduki yoyote. Kunguru pia usimguse bila kumuuliza afisa huyo huyo. PCP ni mashine nzuri kweli, hairuki, inalenga vizuri, ila inajazwa mpaka kama ba 200 (ba ni kipimo cha msukumo wa hewa), pampu ya baiskeli haifiki hata robo, unahitaji pampu yake maalum au mtungi wa wazamiaji, sasa huko juu Kibosho wazamiaji utawatoa wapi.

SWALI: Kuna bundi amehamia kwenye dari la stoo yetu ya mahindi hapa Himo, mama anataka nimpige na bunduki ya upepo ya anko, anasema ni mkosi. – Mkazi wa Himo

JIBU: Mwache tafadhali. Huyo bundi chakula chake ni panya, anawinda usiku mzima bure kwenye stoo yenu, na akiwa na makinda anawinda zaidi. Mwambie mama taratibu tu, ahesabu magunia yaliyotobolewa mwaka huu na mwaka jana. Na kama mnatega sumu ya panya humo ndani isimamisheni kwanza, maana akila panya aliyekula sumu naye anakufa.