Kwa mnaoanza kutengeneza nanofuwele za kunasa eksirei

Taa ya urujuanimno isiwahadae. Chupa ya CsPbBr₃ (fuwele ya seziamu, risasi na bromini) iking'aa kijani karibu na nanomita 515, mmejua kwamba nanofuwele zimeota, basi. Urujuanimno huishia kwenye tabaka jembamba la juu. Eksirei, ambayo nanofuwele hizi huigeuza kuwa mwanga unaoonekana, hupenya, na mwanga unaozaliwa ndani kabisa ya filamu lazima upate njia ya kutoka.

Usanisi wa kuchoma sindano kwenye kiyeyushi cha moto (hot injection) unajulikana tangu 2015. Miligramu 69 za bromaidi ya risasi ziwekwe kwenye mililita 5 za oktadeseni, nyuzi 120, ombweni kwa saa moja. Chini ya nitrojeni, ongezeni mililita 0.5 ya asidi ya oleiki na 0.5 ya oleilamini, zote zimekaushwa. Chumvi ikiyeyuka yote, pandisheni hadi nyuzi 170 hivi, chomeni mililita 0.4 ya seziamu oleati (0.125 M) kwa mkupuo mmoja, na baada ya sekunde 5 tumbukizeni flaski kwenye maji ya barafu. Seziamu oleati ipashwe hadi nyuzi 100 kwanza, maana ikipoa huganda na kuziba sindano. Mvua za Dodoma zikianza, Desemba, kausheni viyeyushi upya hata kama chupa ilifunguliwa juzi.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kuosha. Asetoni na ethanoli huzivua nanofuwele ligandi zake, yaani molekuli zinazoufunika uso wake. Mng'ao hufifia, chembe zinashikana. Tumieni methili asetati, kidogokidogo hadi ukungu utokee, kisha sentrifyuji, kisha zitawanyeni upya kwenye tolueni. Oleilamini hushika uso ikiwa imebeba protoni (oleilamoniamu), lakini huipoteza kirahisi na kuondoka. DDAB (didodesildimethilamoniamu bromaidi) hushika uso kwa nguvu zaidi, na bromaidi yake huziba mapengo. Kwa maoni yetu hatua hii inastahili muda kuliko kutafuta joto kamili la kuchomea.

Halafu unene. Filamu nyembamba mno huiacha eksirei ipite bure. Nene mno hufyonza mwanga wake yenyewe, kwa sababu urefu wa mawimbi ambayo CsPbBr₃ hufyonza na ule inaotoa vimeachana kidogo tu; dalili yake ni kilele kusogea upande wa nyekundu kadiri filamu inavyonenepa. Ikiwa na ukungu, mwanga hutawanyika na picha hupoteza ukali. Changanyeni na polistireni kwenye tolueni, mmimine unene tofauti tofauti, mpime zote kwa kilovolti na miliampia zilezile, kwenye mashine ya eksirei yenye kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki.

Maji ya kuoshea yote yana risasi. Yaende kwenye chupa yenye lebo, kamwe si kwenye sinki.