Kunde za Kongowea na kulungu wa Pennsylvania

SWALI: Shikamoo Mzee. Ndugu yangu ameoa Pennsylvania, Marekani, na mkewe ana shamba. Ameniomba kunde kilo mbili za soko la Kongowea, Mombasa, nimtumie kwa posta. Ati azipande mwezi wa tisa, zimvutie kulungu wa kuwinda baada ya Krismasi. Zitafaa? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kunde ni mmea wa joto kama sisi. Jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda, ikipiga, na kule Oktoba huwa imeshafika, asubuhi utayakuta majani yamelala meusi kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Kulungu wanazipenda kweli, lakini wakati wa joto. Tena mbegu hazitiwi tu kwenye bahasha: zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali ya Kenya, na Marekani nao wana masharti yao.

Mwambie apande tanipu, mboga ya majani yenye mzizi mnene wa mviringo. Nilikaa kwa binti yangu jimbo hilohilo, Januari moja, nimevaa sweta tatu. Jirani yake alikuwa na kijishamba cha tanipu, hakizidi uwanja wa madrasa. Jua likikaribia kutua, majike watano walitoka msituni, wakaparua theluji kwa kwato hadi ile zambarau ya tanipu ikaonekana. Kisha ukawasikia: kwacha, kwacha. Jirani akaniambia Septemba walikuwa wakipita palepale bila hata kunusa. Sababu ni kwamba baridi ikizidi, mmea huo hujiwekea sukari usigande, na majani yaliyokuwa machungu yanakuwa matamu.

Ila Septemba amechelewa. Tanipu hupandwa mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, ipate kama miezi miwili ya kunenepa. Mwaka huu ikiwa wakati umempita, atie rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano: huota hata Septemba ikiwa ukingoni, na hubaki kijani chini ya theluji. Mwakani apande mahindi na soya Mei, aziache zisimame bila kuvunwa. Dume akimaliza kukimbizana na majike Novemba hubaki mbavu nje, anatafuta wanga wa mahindi na mafuta ya soya. Udongo aupime kwanza. Wa misitu ya kule mara nyingi una asidi na unataka chokaa miezi kadhaa kabla ya kupanda.

Asije tu akamwaga gunia la mahindi chini. Hicho ni chambo, na sheria ya Pennsylvania kwa jumla inakataza kuwinda penye chambo. Halafu kulungu hucheua kama mbuzi: tumbo lililozoea vijiti vya msituni likibugia nafaka kwa ghafla, mnyama anaweza kufa ameshiba.

Nawe usitamani kuwategea kulungu wetu wa Shimba Hills. Uwindaji hapa Kenya ulipigwa marufuku 1977.

Hizo kilo mbili, kama umeshanunua, tia nazi.