Kabari ipi ya kufungulia gari lililofungwa ufunguo ukiwa ndani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nachonga funguo hapa Morogoro, mwaka wa pili sasa, na wateja wameanza kuniita kufungua magari waliyofunga wakasahau ufunguo ndani. Mpaka leo natumia bisibisi bapa niliyoizungushia kitambaa, na kipande cha mbao. Nataka kununua kabari za kazi. Nimeona za chuma, za plastiki na ile mifuko ya kujaza upepo. Hela yangu si nyingi. Nianze na zipi?

JIBU: Marahaba, fundi mwenzangu. Nunua mifuko miwili ya upepo na kabari tatu za plastiki zenye unene tofauti. Za chuma ziache dukani. Hiyo bisibisi nayo irudishe kwenye skrubu, hata kama umeizungushia kitambaa mara kumi. Kitambaa kinazuia mkwaruzo, lakini hakizuii bati kubonyea. Ncha ya bisibisi inagusa sehemu ndogo kuliko ukucha wako, na nguvu zote za mkono zinaishia hapo.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelifanya. Ilikuwa Premio nyeupe. Niliifungua kwa bisibisi na kitambaa, rangi haikuchubuka hata kidogo, mteja akalipa akaondoka ameridhika. Masika yalipoanza akarudi: kiti cha mbele kimelowa. Kwa macho sikuona kitu. Nilipopitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa juu wa mlango, nikakuta kibonyeo chembamba, pale pale nilipokuwa nimepandishia. Raba ilikuwa haikai tena sawasawa. Nililipia kunyoosha na kupaka rangi, na tangu siku hiyo bisibisi haijagusa mlango wa mteja wangu.

Kila kifaa kina zamu yake. Kabari ya plastiki kazi yake ni kufungua mdomo tu, milimita mbili au tatu, ili mfuko uingie ukiwa bapa. Kuusukuma mlango ni kazi ya mfuko. Mafundi wengi wanaoharibu milango wanailazimisha kabari ya plastiki ifanye kazi zote mbili, wanaigonga kwa kiganja mpaka mkono upite. Ukijikuta unaigonga, simama. Punguza unene au sogeza mahali.

Unapochagua plastiki, tafuta ya naylon ngumu inayopinda kidogo bila kukatika. Iburute kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiacha mchirizi, ujue kwenye rangi itaacha pia. Kingo zake zisiwe na vile vimasalia vikali vya kiwandani. Ukivikuta, visugue kwa msasa laini kabla ya siku ya kwanza. Mbao si mbaya sana, ila hupasuka, na hushika mchanga. Mchanga ndio adui ambaye vijana hawamfikirii. Kabari nzuri iliyoanguka chini barabarani ukaiokota bila kuifuta ni msasa tayari. Mimi natembea na chupa ya maji na kitambaa safi. Nafuta kabari, kisha nafuta ukingo wa mlango na raba yake.

Mfuko wa upepo ndipo uweke hela yako. Una kipira cha kuminya kama kile cha kupimia presha hospitali, na kizibo cha kutolea upepo. Watu huudharau kwa sababu unaonekana laini. Piga hesabu: mfuko wa sentimita 15 kwa 15 una eneo la sentimita za mraba 225. Ukiujaza psi 7 tu, wakati tairi la gari dogo huchukua kama 30, na ukabanwa eneo lote, unasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 110. Ndiyo maana unatosha, na ndiyo maana unaweza kupinda fremu ya mlango usipoangalia. Minya mara moja, tazama mwanya, minya tena. Fito ya milimita 8, ile ndefu ya kupenyeza ndani kufikia kufuli, inahitaji mwanya wa milimita 10 hivi, basi. Mifuko miwili iliyojazwa kidogo kidogo, mmoja juu na mmoja chini yake kidogo, ni salama kuliko mmoja uliovimba. Dukani ujaze, uukalie, usubiri dakika kumi. Ukinywea, mwachie mwenye duka. Na ukiwa nao usiuache kwenye dashibodi juani, maana maungio yake huachia kwa joto.

Mahali pa kuingilia ni pembe ya juu ya nyuma ya mlango wa mbele, karibu na nguzo ya katikati, mbali na kioo. Naanza na mlango wa abiria, upande wa kushoto, kwa sababu kutoka hapo nauona vizuri mlango wa dereva kwa ndani. Magari yetu mengi kutoka Japani yana plastiki za kuzuia mvua zilizobandikwa juu ya vioo. Ukiegemeza kabari hapo inapasuka, kwa hiyo teremka chini yake kwenye nguzo. Forester na Impreza za kabla ya 2007 milango yake haina fremu juu, ni kioo kitupu. Hizo usizitie kabari kwenye kioo kabisa, zifungue kwa tundu la ufunguo. Lile bapa la bati la kuteremsha kando ya kioo nalo liache, kwani ndani ya mlango siku hizi kuna nyaya.

Kabla ya yote, omba kadi ya gari na kitambulisho. Kama kadi imo ndani, isome ukishafungua, kabla hujamkabidhi ufunguo. Na ukikuta mtoto amefungiwa ndani juani, achana na kabari: vunja kioo kidogo kilicho mbali naye, sasa hivi.

Mwisho kuna kazi ya dakika moja. Kabla hujaingiza chochote, chukua kipande cha karatasi ukichomeke kati ya mlango na raba pale utakapofanyia kazi, ukivute usikie kinavyoshikwa. Ukishafungua, toa upepo polepole, funga mlango na karatasi hiyo hiyo pale pale, uvute tena. Ikishikwa vile vile, chukua hela yako. Ikichomoka kirahisi, fremu imetoka, na mwenye gari amesimama hapo. Mwonyeshe karatasi yenyewe, mpange naye lini ataileta inyooshwe.