Jibu: Nywila ya Wi-Fi imesahaulika lakini laptopu bado inaunganika

Mkuu, kama unataka tu kuunganisha simu mpya, ruta usiiguse wala usiirudishe mwanzo. Maadamu laptopu yako ya Windows bado inashika Wi-Fi ya nyumbani, nywila imo humo humo, ni kuitoa tu uiweke kwenye simu mpya. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika netsh wlan show profiles upate majina ya mitandao iliyohifadhiwa, kisha hii, ukiweka jina la mtandao wako palipo JinaLaMtandao:

netsh wlan show profile name="JinaLaMtandao" key=clear

Tazama mstari wa Key Content, nywila ndiyo hiyo. Inakili na herufi kubwa na ndogo kama zilivyo. Isipoonekana, fungua Command Prompt upya kwa Run as administrator (kama msimamizi wa kompyuta). Zile programu za kupakua zinazojinadi kwa kazi hii achana nazo kabisa, nyingine hubeba virusi vya kuiba nywila zako zote.