Daftari la Land Rover limekoma ukurasa wa tatu

*Shangazi, shikamoo. Nina mume mwema. Hanywi, hazururi, na nikimtafuta nampata chini ya gari. Miaka mitatu iliyopita alinunua Land Rover ya mwaka 1966, ile fupi, ikiwa haitembei. Aliniambia ni kazi ya miezi sita na kwamba ataandika kila kitakachotoka mfukoni. Mpaka leo gari liko juu ya mawe, na kila nikiuliza limekula kiasi gani, jibu ni lile lile: "Kidogo tu, tumekaribia." Wiki iliyopita nilikuwa natafuta bisibisi kwenye sanduku lake la vifaa nikakuta daftari. Limeandikwa kurasa tatu tu, na tarehe ya mwisho ina zaidi ya miaka miwili. Pembeni kuna bahasha imefura risiti. Fedha zenyewe zinatoka kwenye akiba yetu sote wawili. Sijamwambia kwamba nimeliona. Ananificha? Nimwambie? Shemeji yangu anasema tuliuze hivyo hivyo lilivyo tupunguze hasara. Nimekupigia picha kurasa zote tatu. — Mke wa Mwenye Gari*

Marahaba, mwanangu. Picha nimezikodolea macho kuliko hata barua. Mstari wa mwisho kabisa unasomeka: "Chesisi – kuangalia." Pa kuandika kiasi, pako wazi. Kisa chako chote kimelala hapo, kwa hiyo niache nikae na gari kidogo kabla sijaingia kwenye ndoa.

Land Rover zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha kugawiwa kwa mgao, basi bodi ikafanywa ya alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Gari linaweza kukaa nje miaka thelathini, likapauka, likabonyea hapa na pale, na bado mtu akilizunguka na kulipiga kofi ubavuni ataona ni zima. Lakini chini ya bodi hiyo kuna chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imechomelewa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji vikiingia humo havitoki. Chuma huliwa kutoka ndani kuja nje, na siku kutu inapojitokeza uone, ndani kumekwisha kitambo.

Sasa rudi kwenye zile kurasa. Ukurasa wa kwanza na wa pili ni plagi, betri, kabureta, raba za milango, kopo la rangi. Ni matumizi ya mtu aliyeangalia alumini akafurahi. Ukurasa wa tatu ameandika "kuinua bodi", halafu huo mstari wa chesisi. Sikuwepo, lakini nadhani najua kilichotokea kati ya mstari ule na ukimya uliofuata. Alichukua nyundo ndogo akagonga chesisi kuanzia mbele kurudi nyuma, kama wafanyavyo wote. Mbele ikalia *ting, ting*. Kule nyuma ikalia *tup*, na nyundo ikazama.

Mtu huyo angeandika nini? Hajui kama sehemu iliyooza itakatwa na kuchomelewa vipande, au aagize chesisi nyingine nzima iliyochovywa kwenye zinki isipate kutu. Tofauti ya gharama baina ya hayo mawili si ya kuandikwa kwa kalamu ileile iliyoandika plagi. Akaandika "kuangalia", akafunga daftari, akaanza kusukuma risiti kwenye bahasha. Angekuwa anakuficha kwa makusudi, bahasha hiyo usingeikuta, kwa sababu risiti ndicho kitu cha kwanza mwongo hukichoma. Mumeo ameogopa jumla. Ile "kidogo tu, tumekaribia" alikuwa anajiambia mwenyewe, wewe ukawa unasikia tu.

Usidhani namtetea. Woga wa mtu anayetumia fedha yake ni shughuli yake, ila woga wa mtu anayetumia akiba ya wawili una mwenzake anayeulipia.

Kuna jambo jingine linalokula fedha kwenye magari haya, na ningependa ulijue kwa jina maana utalisikia sana siku mtakapokaa chini. Linaitwa "maadamu imeshafunguliwa". Chukua giaboksi. Kwenye Land Rover ya miaka hiyo haishuki kwa chini kama ulivyozoea kuona kwenye gari ndogo. Unang'oa sakafu, unang'oa boksi la viti, halafu unainyanyua ipitie humo humo ndani ya kebini. Kazi ya siku nzima hata kabla hujagusa lililokupeleka, ambalo pengine ni sili moja inayovuja mafuta. Basi maadamu imeshafunguliwa, sahani ya klachi ibadilishwe. Na beringi yake. Na sili ya nyuma ya injini, si iko hapo hapo? Na maadamu sakafu imeshatoka, ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva umeoza pembeni, uchomelewe kabisa. Kila "maadamu" ina akili yake, ndiyo maana hakuna anayeikataa. Hata mimi nisingekataa: kurudia kuing'oa giaboksi mwaka kesho kwa ajili ya klachi ni upuuzi zaidi. Lakini sili moja imeshazaa watoto wanne, na daftarini hakuna hata mmoja.

Nayajua haya kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa na Land Cruiser FJ40, yale ya taa mbili za duara na sura ya mtu aliyekasirika. Alikuwa na daftari, tena safi. Baada ya kuondoka kwake nikafungua makasha, nikakuta pampu mbili za maji, zote mpya, zote kwenye karatasi zake. Alinunua ya kwanza, akaiweka, ikafunikwa na mambo mengine, mwaka ukapita, akanunua tena. Daftari liliandika zote mbili kwa uaminifu kabisa! Kilichokosekana ni safu moja tu ya kusema kama kitu kimefungwa kwenye gari au bado kiko kwenye kasha.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachokushauri, na uniwie radhi nikiwa mrefu.

Mwambie mkae, wewe na yeye na bahasha, siku ambayo hakuna anayekwenda popote. Usianze na "jumla ni ngapi?" Swali hilo ndilo lililofunga daftari. Anza na lililobaki: nini bado hakijanunuliwa, na nini hakijafanyika, mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, liwake, na lishike breki. Si mpaka lipendeze. Mpe karatasi tupu alitembelee gari lake kuanzia bampa ya mbele kwenda nyuma, akitaja, wewe ukiandika. Atataja kwanza anavyovipenda. Mrudishe kwenye breki, stelingi na matairi, na ukumbuke matairi ni matano, si manne. Pale asipojua bei, aandike makisio, lakini pasiachwe wazi. Makisio mabaya yanarekebishika. Pengo halirekebishiki, umeliona lilivyofanya kwenye mstari wa chesisi. Kisha chukueni hesabu yote ya kilichobaki mwongeze theluthi yake. Hiyo theluthi ni kwa ajili ya "maadamu", na ni kipimo changu mimi, hakuna kitabu nilimokitoa.

Hapo ndipo mfungue bahasha. Baadhi ya risiti zitakuwa nyeupe pe. Zile za karatasi laini ya mashine hufifia kwa joto, na sanduku la vifaa lililokaa juani ni joto tupu. Zinazosomeka zipigeni picha siku hiyo hiyo. Zilizofifia, angalieni taarifa za benki na jumbe za malipo kwenye simu yake. Tarehe na kiasi vitapatikana, naye atakumbuka ilikuwa nini. Andikeni kiasi kilichotoka kwenye akaunti, si bei iliyobandikwa kwenye kipuri. Kwa kipuri kilichoagizwa nje hivi ni vitu viwili tofauti kabisa: kuna usafirishaji, kuna ushuru, kuna makato ya kubadilisha fedha. Mtu anaweza kujisifu alipata sili kwa bei ya bure, kumbe usafiri umekula mara tatu ya sili.

Kila kitu kiwe na mstari wake: tarehe, jina, namba ya kipuri, kiasi chote, na kama kimefungwa au bado. Namba ya kipuri si urembo. Kwenye magari hayo namba ya chesisi huishia na herufi, na herufi hiyo huonyesha mabadiliko yaliyofanywa kiwandani kadiri miaka ilivyokwenda. Ukiagiza bila kuitazama unaweza kuletewa kitu kizuri kisichoingia. Nina hakika kwenye makasha ya mumeo viko vitu vya namna hiyo. Vipeni ukurasa wao, viuzwe. Ukurasa mwingine uwe wa vifaa vya kazi: jeki, mashine ya kuchomelea, spana za inchi. Hivyo vitabaki hata gari likiondoka, na kuvihesabia gari ni kulionea.

Kisha kuna vitu vidogo, na hapa wanaume wote niliowahi kuwajua hudanganyika. Boliti na nati, msasa, thina, grisi, mafuta ya breki, gasketi, glavu, dawa ya kulainisha boliti zilizoganda. Hakuna anayeviandika kwa kuwa kila kimoja ni kidogo. Mwisho wa mwaka vimejumlika vikawa kitu cha kukaa nacho meza moja. Kama kuviandika kimoja kimoja kunamchosha, mtoe kiasi maalumu kila mwezi kwenye bahasha ya pekee. Kikiisha, kimeisha mpaka mwezi ujao. Hapo mtakuwa mmeandika mstari mmoja tu.

Masaa yake ya kazi je? Yaandikwe, lakini yasigeuzwe fedha. Mume akianza kujilipa ujira wa fundi kwenye karatasi, atakuonyesha siku moja kwamba yeye analidai gari, na wewe unalidai gari, na hamtaelewana tena. Yaandikwe ili muone wote wawili Jumamosi zilikwenda wapi.

Kuhusu shemeji yako: ana haki ya kuogopa, lakini hesabu yake ina kasoro. Land Rover iliyofumuliwa, bodi huku, chesisi kule, vipuri kwenye makasha kumi na moja, ndiyo hali ambayo huuzwa kwa bei mbaya kuliko zote. Mnunuzi hawezi kujua kinachokosekana, kwa hiyo anakadiria kwamba kinakosekana kila kitu. Likisimama na kuwaka ni bidhaa nyingine. Likiwa na daftari lenye namba za vipuri, picha za chesisi kabla na baada, na risiti, ni bidhaa nyingine tena, na hata kampuni ya bima inayokubaliana thamani na mwenye gari la zamani itataka kuona karatasi za namna hiyo. Lakini usijipe moyo kwamba fedha yote itarudi. Mara nyingi hairudi, na mumeo akikwambia "hii ni akiba, itapanda thamani", mruhusu aseme kisha endelea kuandika. Iliyokwisha kutoka imetoka, mkiuza au msipouza; msiipe kura. Kura ni ya ile karatasi ya kwanza, ya kilichobaki pamoja na theluthi yake. Je, akiba yenu inaweza kukibeba bila kuumiza mambo mengine mliyopanga? Mkiona inaweza, wekeni kiasi cha kila mwezi na kazi iende kwa mwendo huo hata kama ni wa kobe. Ikiwa haiwezi, lifungwe lilivyo, vipuri viandikwe kasha kwa kasha, liuzwe likiwa na orodha. Kwa vyovyote vile shemeji hatakuwa mezani siku hiyo.

Na umwambie umeliona daftari. Kabla ya kikao, si katikati yake, wala usilirudishe sandukuni ukajifanya hujui ukamtega alilete mwenyewe. Mwambie: "Nilikuwa natafuta bisibisi, nikaliona, nikasoma mpaka kwenye chesisi." Usiongeze neno. Atajua umefika wapi.

Jambo moja tu siwezi kulilegeza. Kalamu uishike wewe. Nimezikuza hizo picha mpaka simu ikachoka, na mpaka sasa sijui kama betri aliinunua tarehe 1, 7 au 17.